Akiweka Kijiko Chini

Katika nyumba ile palikuwa na sheria moja ya mezani, na aliyeitunga alikuwa Mama. Mwanawe, Fundi, akiweka kijiko chini, kila mtu anaweka. Hakuna kuongeza, hakuna kukomba sufuria, hakuna kujifanya unaonja chumvi huku unameza matonge mawili. Aliitangaza siku mwanawe aliporudi kutoka hospitali, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Binti yake mkubwa, aliyekuwa amekuja kusaidia, alifungua mdomo aseme neno, Mama akamkatiza.

"Mtu mmoja ale kama kifaranga, sisi tumekaa mbele yake tunashindilia? Roho hiyo mimi sina," alisema Mama, na mjadala ukaishia hapo.

Usidhani lilikuwa jambo dogo kwake. Mama alikuwa mtu wa kula. Alikuwa na mkono mzuri wa kupika na mzuri zaidi wa kula, na tangu afiwe na mume, meza ndiyo iliyokuwa starehe yake pekee isiyomletea maneno ya majirani. Sasa akaiacha kwa hiari yake, bila kununa, kwa sababu mwanawe wa mwisho alikuwa amekatwa tumbo.

Huyo mwana alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Lori tangu akiwa na kaptura ya shule. Ukimwona enzi hizo usingeuliza jina lilitoka wapi. Ngazi za kwao alizipanda kwa vituo. Magoti yalimsumbua, presha ilimpanda, na usiku alikoroma mpaka akajiamsha mwenyewe. Siku aliponasa kati ya mikono ya kochi alilokuwa akilijaribu, mteja amesimama pembeni anajizuia asicheke, alifunga karakana akaenda hospitali bila kusukumwa na mtu. Madaktari wakamchunguza weee, kisha wakampasua na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula. Kilichobaki, walimwambia, hakizidi ndizi moja.

Miezi ya mwanzo Mama alimlisha uji mwepesi na supu iliyochujwa, akimpulizia kijiko kana kwamba ameanza kuota meno. Uzito ukaporomoka. Mafundi wenzake wakambatiza upya: Lori sasa ni Baiskeli. Alicheka nao, akajizungusha makusudi ili waone suruali inavyompwaya. Na kila jioni mezani, akishamaliza matonge yake machache, aliweka kijiko chini. Mama naye akaweka chake, hata kama sahani yake ilikuwa bado na chakula na macho yake bado yamekitazama.

Halafu njaa ikarudi. Haikurudi kwa kishindo, ilirudi kwa adabu, asubuhi moja baada ya mwaka na kitu, akiwa anavuta kitambaa juu ya sponji ili akipigie misumari. Alisimama na nyundo mkononi, akashangaa. Alikuwa amesadiki kwamba njaa ilitupwa pamoja na lile tumbo. Nyama ilimkwama kifuani, mkate vilevile, lakini alikuja kugundua kwamba vitu laini na vitamu hupita bila kuulizwa viendako: biskuti zilizolowekwa kwenye chai, aiskrimu, maziwa mazito ya kopo, soda iliyoachwa wazi mpaka gesi ikaisha. Alianza na biskuti mbili, za kuondoa tamaa tu. Tamaa haikuondoka, biskuti ndizo zilizoondoka, pakiti kwa pakiti.

Alikuwa anafanya kazi peke yake, lakini karakana haikuwa na mlango wa kufunga mchana, na watu wa sokoni hupita wakitupa macho ndani. Kwa hiyo akaficha vitu vyake ndani ya makochi. Kochi likiwa halijavalishwa kitambaa, mkono wake ni kisanduku kitupu cha mbao, na humo biskuti zilikaa raha mustarehe. Siku moja, katika haraka zake, akavalisha kitambaa, akashona, akapeleka kochi kwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache. Hakukawia kurudi karakana.

"Fundi, nilikupa kochi ulitengeneze," alisema. "Umenirudishia kichuguu."

Fundi alikwenda kulifumua kwa mikono yake, sisimizi wakimpanda mpaka kwenye viwiko, akaitoa pakiti akaitia mfukoni kabla haijaonekana. Kisha, bila kupepesa macho, akasema hawa wauza sponji siku hizi si watu wa kuaminika. Muuza sponji alikuwa mtu mwaminifu aliyemfahamu tangu utoto. Alirudi nyumbani roho ikimsuta njia nzima, na alipofika karakana kesho yake alinunua pakiti nyingine ili ajitulize.

Lakini muuza sponji hakudhurika. Madhara yenyewe yalikuwa nyumbani.

Kwa sababu sasa Fundi alikuwa anaingia mezani ameshiba. Alikuja na tumbo limejaa maziwa na sukari, akakaa mbele ya chakula cha mama yake, akatia tonge la kwanza, la pili, na la tatu likawa mzigo. Akaweka kijiko chini. Na Mama, kwa sheria yake mwenyewe, akaweka chake. Siku nyingine alikuwa ndiyo kwanza amekaa, bado anajipepea joto la jikoni, kijiko chake hakijagusa mchuzi, na chakula tayari kimekwisha.

"Unaona anavyojitahidi," alimwambia binti yake akija. "Hali kabisa. Nani angeamini?"

Macho Mama alikuwa nayo. Aliona suruali inajaa tena, aliona shati limeanza kuvuta kwenye vifungo. Ila mtu anayekula matonge matatu mbele yako utamlaumu kwa lipi? Akatafuta kosa pengine, akalipata jikoni kwake. Akapunguza mafuta. Akaacha karanga, akaacha nazi, chai ikawa ya rangi tupu. Hicho kidogo alichokula Mama sasa kikawa hakina hata nguvu.

"Unisamehe, baba," alimwambia jioni moja, akimimina maji ya kunawa. "Nadhani ni mapishi yangu. Mimi ndiye ninayekunenepesha."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Mama mwenyewe ameufungua. Fundi alitazama maji yakipita vidoleni mwake.

"Si mapishi yako, Mama. Ni maji tu. Mwili unashika maji."

"Maji," alirudia Mama, akaridhika, na kuanzia hapo akawa anawaeleza hata majirani. Kliniki Fundi alishaacha kwenda. Walipompigia simu alisema ana kazi nyingi, na simu zikaacha kuja.

Kilichomfumbua macho hakikuwa uso wa Mama, maana uso unaouona kila siku huuoni. Kilikuwa kiti chake. Fundi alikuwa amemtengenezea kiti cha kukaa sebuleni, mto wa sponji ngumu ya daraja la juu, na miaka yote mto ule ulikuwa na bonde la Mama katikati. Siku moja alikisogeza ili apate kufagia, akaona bonde limeinuka. Alilibonyeza kwa kiganja. Fundi wa makochi hahitaji mizani. Mkono wake ulimwambia kwamba aliyekaa hapo sasa ni mtu mwepesi, mwepesi mno. Alisimama pale na ufagio wake. Kisha akaugeuza mto, upande wa juu ukawa chini, akaendelea kufagia. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo alilolionea aibu zaidi baadaye. Aliona, na akageuza mto.

Mama alianguka akianika nguo. Jirani alimkuta chini ya kamba, shuka limemfunika kichwa, anasema yuko salama, ni jua tu. Dada yake Fundi akampigia simu mdogo wake kwa sauti ya mtu anayeuma meno: "Njoo hospitali. Acha hayo makochi."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimpima Mama, akasoma majibu ya damu, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, unakula nini kwa siku?"

Mama alimweleza kila kitu kwa fahari, kama mtu anayesimulia harusi ya mwanawe. Alivyopasuliwa, alivyomlisha, sheria ya kijiko. "Tunakula pamoja, daktari. Akiacha, ninaacha. Na siku hizi anaacha mapema, mashallah, ana bidii sana."

Daktari aligeuza shingo akamtazama Fundi. Alimtazama uso, akashuka mpaka kwenye tumbo lililokuwa limeegemea chuma cha kitanda, akarudi usoni. Dada yake, aliyesimama upande wa pili wa kitanda, naye alikuwa anamtazama.

Baadaye daktari alimwita kwenye korido.

"Kliniki umeacha tangu lini?"

"Muda, daktari."

"Unakula wapi?"

Hakuuliza kama anakula. Fundi alitazama viatu vyake. "Kazini."

"Sikiliza," alisema daktari. "Uzito kurudi si ajabu. Unawapata wengi. Mwili una ubishi wake, nao unahitaji msaada, si kujificha. Hilo tutalishughulikia, njoo tu, hakuna atakayekufokea. Lakini mama yako hana damu, hana nguvu, na umri wake haungoji. Lazima ale. Na hatakula mpaka ajue."

"Utamwambia wewe?"

"Mimi nimwambie nini? Hilo ni la kwako."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Na alipofika nyumbani akafanya kama mtoto: akatafuta njia ya kupita pembeni. Aliwaza hivi: kama Mama anakula kwa kadiri ninavyokula, basi nikae na kijiko mkononi mpaka ashibe. Sitahitaji kusema lolote. Siku Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, hakupita karakana kabisa. Dada akapika, akaweka mafuta, akampakulia mama yao sahani iliyosimama, na wote watatu wakakaa.

Fundi akala. Akala polepole, akitabasamu, na Mama akala naye, na kwa dakika chache ilikuwa furaha tupu. Alimwona mama yake akitafuna nyama na macho yakiwa yamefumbwa nusu. Endelea, akajiambia. Tonge moja lingine kwa ajili ya Mama. Na lingine. Kifua kilianza kubana. Mate yakamjaa mdomoni. Alijikaza kisabuni, akameza, na tonge lile halikushuka. Akainuka akakimbilia nje, na wote wawili wakamsikia akitapika ukutani.

Aliporudi akijifuta macho, kijiko cha Mama kilikuwa chini. Sahani ilikuwa bado na zaidi ya nusu, naye ameisukuma mbali.

"Niliwaambia," alisema Mama. "Mafuta. Nimemtia mwanangu mafuta tumboni. Sili tena hiki."

"Mama, kula," alisema Dada.

"Nile nini, na mwenzangu anatapika?"

Fundi aliketi. Alimtazama mama yake, mifupa ya bega inavyoinua nguo, na akaona kwamba mlango wa pembeni aliokuwa akiutafuta haupo.

"Mama, mimi nakula kazini," alisema.

"Unakula nini?"

"Biskuti. Maziwa ya kopo. Aiskrimu. Kila siku. Nikija hapa nimeshashiba, ndiyo maana naweka kijiko chini. Wala si maji. Si mapishi yako. Ni mimi."

Dada aliinamisha kichwa, na ilionekana wazi kwamba kwake haikuwa habari mpya kabisa. Mama alimtazama mwanawe kwa upole mwingi, akanyoosha mkono akampapasa shavu.

"Daktari amekufundisha useme hivyo ili nile," alisema. "Najua. Mtoto mwema wewe."

Alimwapia, akamwapia tena. Mama alitikisa kichwa akicheka kidogo. Tangu lini mtu akala kila siku asimwambie mama yake, naye anamwona mama yake anavyolala njaa? Mtu wa namna hiyo Mama hakumzaa. Na hilo, kwamba hakuweza hata kumdhania, lilimchoma Fundi kuliko tusi lolote.

Akasimama, akatoka. Karakana haikuwa mbali. Alirudi na mfuko, akaumwaga mezani kati ya sahani: pakiti za biskuti, nyingine zimefunguliwa na kukunjwa mdomo kwa pini ya fundi, makopo ya maziwa, moja lina kijiko kidogo ndani, kijiko cha nyumbani kile ambacho Mama alishakitafuta mpaka akachoka. Akaketi. Akamimina maziwa kwenye chai iliyopoa, akachovya biskuti, akala. Akachovya nyingine. Hazikukwama. Zilishuka moja baada ya nyingine bila taabu, katika tumbo lile lile lililokuwa limekataa nyama aliyoipika dada yake, na alikula akiwa amemtazama mama yake kwa sababu alijua akiinamisha uso atakuwa amedanganya tena. Machozi yalimtoka akawa anayameza pamoja na biskuti. Pakiti ikaisha. Akafungua ya pili.

"Inatosha," alisema Mama.

Aliacha.

Mama aliokota kile kijiko kidogo kutoka kwenye kopo, akakigeuzageuza. Uso wake ulikuwa umebadilika. Si hasira iliyokuwa pale, au si hasira peke yake. Alionekana kama mtu aliyeamshwa usingizini na hajajua yuko chumba gani.

"Nimelala njaa kwa ajili yako," alisema polepole. "Nimelala njaa, kumbe umeshiba."

Mama aliinuka kwa kushikilia meza, akakataa mkono wa binti yake, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku zilizofuata alikula, lakini alikula chumbani, na aliyempelekea ni Dada. Na Fundi alisema naye kupitia mlango: hujambo Mama, sijambo, umelalaje, salama. Alirudi kliniki. Alipanda mizani na muuguzi akaandika bila kuinua nyusi. Mtaalamu wa lishe alimuuliza njaa humjia saa ngapi, akiwa na nani, akiwa anawaza nini, naye akajikuta anaeleza mambo ambayo hakuwahi kujieleza hata mwenyewe. Akapewa mpango, akapewa dawa, akaambiwa arudi na asisubiri mambo yaharibike. Akamwendea muuza sponji akamwomba radhi kwa jambo ambalo muuza sponji hakuwahi kulisikia, naye maskini akabaki amepigwa na butwaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomwondolea mzigo, kwa sababu mwenye mzigo alikuwa nyuma ya mlango.

Mwishoni mwa juma Mama alitoka, akaketi mahali pake. Hakumsalimu mtu. Alijipakulia mwenyewe, sahani ikajaa. Fundi akapakua kile alichoelekezwa, kidogo, akatafuna kama alivyofundishwa, taratibu. Dada alikuwa anaongea peke yake, habari za bomba la maji lililopasuka, ili kuziba kimya. Fundi akafika mwisho wa sahani yake, na mkono wake ukasita hewani. Hakutaka kukiweka kijiko. Alikishika tu, kitupu, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

"Weka," alisema Mama.

Akaweka. Na mkono wa Mama, kwa mazoea ya muda mrefu, ukaanza kushuka nao. Fundi aliuona ukishuka. Alitaka kusema kitu, akakosa haki ya kukisema.

Mkono ukasimama.

"Umeshiba?" aliuliza Mama, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu siku ile.

"Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni, imekaa pale pale inapokaa siku zote. Fundi aliimeza.

"Hapana, Mama. Bado nina njaa."

Macho ya Mama yalilowa, na kwa kitambo alionekana yule yule wa zamani, anayetaka kuinuka ampakulie mwanawe, au amwondolee uchungu huo kwa kuacha na yeye. Hakuinuka.

"Basi leo ni zamu yako kulala njaa," alisema, akainua kijiko, akaendelea kula.